Kitanda cha Mtoto, Kamenu

Kwa mama, hapa Kamenu, kuna kitanda cha mtoto kilichotengenezwa Agosti 2014 na fundi mmoja wa jua kali kule Makongeni. Ni cha saipresi, kina vijiti pande zote nne, na upande mmoja unashuka ili mzazi asiumie mgongo akiinama. Fundi alitaka elfu nne, tukapatana elfu tatu na mia tano. Nilikileta kwa mkokoteni kutoka barabara ya Garissa hadi nyumbani, na kila mama niliyempita njiani aliniuliza swali lile lile: "Nani amejifungua?" Nikawa najibu, "Bado. Tunangoja."

Kitanda kilikuwa cha mtoto wa dada yangu, na mtoto mwenyewe hatukumjua. Hatukujua jina lake, hatukujua kama ni wa kiume au wa kike, wala yuko makao gani ya watoto. Huenda hata hakuwa amezaliwa. Dada aliishi Torino, Italia, na mume wake Mwitaliano, na walikuwa wameomba kuasili mtoto kutoka Kenya. Insha hii ni historia ya kungoja huko: kulianzaje, sheria gani zilikupanga, na siku gani Serikali ilikukatiza. Lakini nimegundua kwamba siwezi kuisimulia bila kumsimulia pia Shosho, ambaye miaka sitini kabla yetu alikuwa na kungoja kwake mwenyewe, bila faili hata moja.

Dada alikwenda Italia mwaka 1999 kutunza wazee. Shemeji alimpata huko, wakaoana 2006. Watoto hawakuja. Mambo ya hospitali siyaandiki hapa, ni yake. Mwaka 2009 alichukua uraia wa Italia, na kwa kuwa Katiba yetu ya zamani haikuruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, siku aliyoapa kule alipoteza wa huku. Katiba ya 2010 ilifungua mlango huo, mtu akaweza kuomba arudishiwe uraia wake wa kuzaliwa, lakini dada hakuwa ameomba bado. Kwa hivyo kwenye faili, dada yangu aliyezaliwa hapa Kamenu, aliyejifunza kutembea kwenye uwanja huu huu wa mama, aliandikwa raia wa kigeni. Niliposoma hivyo nilicheka. Yeye hakucheka.

Watu hapa mtaani walidhani kuasili ni kwenda makao ya watoto, kuchagua mtoto unayempenda, na kupanda ndege naye. Wacha nieleze ilivyokuwa. Sheria ya Italia ya mwaka 1983 inataka wanandoa wapite kwanza mbele ya mahakama ya watoto ya huko, ambayo hutoa hati kwamba wanafaa kuwa wazazi. Kabla ya hati hiyo, maafisa wa ustawi wa jamii walikuja kwao mara kadhaa. Waliangalia vyumba. Wakauliza dada alilelewaje, alipigwa au hakupigwa, yeye na shemeji wakigombana hufanya nini. Dada alinipigia simu siku moja akasema, "Hata mama hajawahi kuniuliza maswali haya." Hati ilitoka 2012. Mwaka uliofuata faili lilifika Nairobi kupitia shirika lililoidhinishwa, kwa maana mtu binafsi hawezi kujiletea.

Njia hiyo ndefu ina historia yake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, halafu vita vya Korea, watoto walianza kuvushwa mipaka kwa wingi kwenda kwa familia za Marekani na Ulaya. Kutoka Korea Kusini peke yake wameondoka watoto wanaokadiriwa kuwa 200,000 katika miongo iliyofuata. Mwanzoni walikuwa yatima wa vita. Vita vikaisha, watoto wakaendelea kuondoka. Palipo na watu wengi wanaotaka watoto na pesa mkononi, na palipo na akina mama maskini, hapakosi mtu wa kusimama katikati. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Hague na kukubaliana mkataba wa tarehe 29 Mei 1993. Kenya ilijiunga nao mwaka 2007, na ukaanza kufanya kazi kwetu tarehe 1 Juni mwaka huo. Kiini chake ni rahisi: serikali izungumze na serikali, mzazi mtarajiwa asizungumze na mama mzazi, pesa zisinunue kibali cha mtu, na mtoto atafutiwe kwanza familia nchini kwao. Mkataba wa Afrika kuhusu haki za mtoto, wa 1990, unasema wazi zaidi: kumpeleka mtoto nchi nyingine kuasiliwa ni njia ya mwisho.

Na kwetu kulikuwa na Sheria ya Watoto ya 2001, iliyoanza kutumika Machi 2002 na kuziondoa sheria za zamani, pamoja na ile ya uasili tuliyorithi kwa mkoloni. Sheria hiyo ilisema mtoto asianze kupangiwa wazazi kabla hajatimiza wiki sita. Mwombaji awe na miaka 25 au zaidi, na amzidi mtoto kwa miaka 21. Na kabla ya kesi kupelekwa Mahakama Kuu, mtoto akae mikononi mwa waombaji, humu humu Kenya, miezi mitatu mfululizo.

Hapo ndipo kitanda kilipoingia. Dada na shemeji wangepaswa kuja kuishi Kenya na mtoto, miezi hiyo mitatu na mingine ya kesi, pengine karibu mwaka mzima. Nyumba ya kukodi Nairobi ni pesa. Mama akasema, "Si chumba kipo?" Tukapaka rangi chumba cha nyuma, tukaweka wavu wa mbu, nikaenda kwa fundi. Shemeji aliomba likizo ndefu kazini. Dada alinunua kamusi ya Kikuyu akampa mumewe, maana Shosho alikuwa amesema hawezi kuongea na mjukuu wa kitukuu kwa mikono.

Mimi ndiye niliyekuwa tarishi. Karatasi ikihitajika Nairobi, nilidandia matatu hapa Thika saa kumi na moja alfajiri, kwenye ile barabara kuu iliyozinduliwa 2012, nikafika mjini kabla ofisi hazijafunguliwa. Nilizijua ngazi. Niliwajua mabawabu. Kuna ofisi moja, sitaitaja, ambapo faili letu lilipotea wiki tano na kupatikana chini ya faili jingine, na hakuna aliyesema pole.

Ni katika ngazi hizo nilipojifunza mtoto hufikaje mahali pa kuasiliwa. Mtoto anaokotwa, tuseme kwenye stendi ya matatu au nje ya kanisa. Anapelekwa polisi, anaandikwa kwenye OB. Anapelekwa hospitali. Mahakama ya watoto inaamuru atunzwe kwenye makao. Halafu kila mtu anangoja, kwa kawaida miezi sita. Miezi hiyo ikiisha, polisi wanaandika barua ya pili kusema kwamba wametafuta na hakuna aliyejitokeza kumdai. Ndipo, wakati huo, shirika la uasili liliweza kumtangaza kuwa huru kuasiliwa, na ndipo kamati iliweza kumtafutia wazazi.

Dada aliichukia sana miezi hiyo sita. Aliniambia kwa simu, "Miezi sita mtoto analala kwenye kitanda cha chuma na wenzake thelathini, na mimi nina kitanda hapo. Wanangoja nini?" Nilikubaliana naye. Niliona ni ukiritimba tu, watu wa kukalia mafaili.

Sasa nisimulie jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisimulia.

Septemba 2014 nilikuwa mjini Thika, nimekaa hotelini nakunywa chai, bahasha ya karatasi za dada mezani. Mwanamume mmoja nisiyemjua akaketi. Alikuwa nadhifu, na alikuwa na heshima. Akasema ameniona mara mbili nikipiga fotokopi za mambo ya watoto. Akasema kuna njia fupi. Hakuna haja ya kamati wala korti. Msichana yupo, anajifungua mwezi ujao, hataki mtoto. Karatasi ya kuzaliwa itaandikwa moja kwa moja jina la dada yangu, kama kwamba ndiye aliyejifungua. Wiki mbili tu. Aliandika namba ya simu nyuma ya risiti ya chai, akalipa chai yake na yangu, akaondoka.

Namba ile nilikaa nayo siku saba. Sikuichana. Siku ya saba nilimwambia dada. Nilitarajia atanitukana. Alinyamaza kwa muda mrefu, mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Anataka pesa ngapi?"

Simlaumu. Mtu aliyengoja miaka minane huuliza bei kabla hajajiuliza swali lingine lolote. Tulikata simu bila kuamua. Jioni ile nilikwenda kukaa na Shosho, na kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia, nikamwambia.

Shosho alikuwa na miaka kama themanini. Hakushtuka. Aliuliza, "Na huyo msichana umemwona?"

Nikasema sijamwona.

"Basi unajuaje kwamba hataki?"

Halafu akanisimulia habari ambayo mama yangu aliijua nusu, na sisi hatukuijua kabisa.

Mwaka 1954 Shosho alikuwa mke mchanga upande wa Gatanga. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Kufikia katikati ya 1954 Wakikuyu walikuwa wanaondolewa kwenye maboma yao na kuingizwa kwa nguvu kwenye vijiji vya pamoja, nyumba zimebanana, handaki pembeni, kafyu usiku. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa hivyo. Wanawake walichimba mahandaki asubuhi, na saa ya kwenda shambani ilipimwa kwa filimbi. Nyumba ya jirani kulikuwa na mwanamke mwenye mtoto wa kike wa karibu mwaka mmoja. Askari walikuja wakamchukua mwanamke huyo, wakisema amelisha watu wa msituni. Alipelekwa Kamiti, ambako wanawake wengi walifungwa wakati ule. Mtoto alibaki amekaa mlangoni.

Shosho alikuwa ananyonyesha mtoto wake mwenyewe. Akamchukua na yule. Hakumwuliza mtu, hakukuwa na wa kumwuliza. Wote wawili walinyonya, huyu titi hili, yule lile.

Kumchukua mtoto hakukuwa jambo geni kwa watu wake. Nyanya wa mume wa Shosho alikuwa Mkamba, aliletwa Gikuyu akiwa mtoto wakati wa ile njaa kubwa ya 1898 hadi 1900. Wakati huo wazazi waliokaribia kufa waliacha watoto kwa majirani wenye chakula, wengine kama rehani: nipe mtama, kaa na huyu, nikipata nitamkomboa. Wengine walikombolewa. Wengine hawakukombolewa kamwe, wakakua, wakaolewa, na ukoo ukawameza. Ili mgeni awe wa ukoo kulikuwa na njia yake: mbuzi alichinjwa, ngozi yake ikavaliwa mkononi, wazee wakashuhudia, na tangu siku hiyo amezaliwa hapo. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kumkumbusha alikotoka.

"Basi mlichinja mbuzi?" nikamwuliza.

"Mzee alitaka," Shosho akasema. "Mimi nilikataa. Nilimwambia, mama yake hajafa. Yuko Kamiti. Ukimzalisha huyu kwa mbuzi leo, yule akirudi atakuwa mama wa nani?"

Akangoja. Miaka mitatu hivi. Mtoto alianza kumwita mama. Wanakijiji walimhesabu kuwa wake. Shosho alisema kuna usiku aliomba Mungu yule mwanamke asirudi, na kuna usiku aliomba arudi, na kwamba maombi yote mawili yalikuwa ya kweli.

Mwaka 1957 mwanamke alirudi, amekonda, nywele zimekatwa. Mtoto alijificha nyuma ya Shosho. Alilia alipoguswa. Mtu mwingine angesema, mtoto wako huyu hapa, chukua. Shosho hakusema hivyo. Alimwambia yule mama, "Njoo ulale kwangu." Akalala kwake, kwenye nyumba ile ile ndogo, karibu mwezi mzima au zaidi. Mama ndiye aliyempikia mtoto. Mama ndiye aliyemwosha. Shosho alijifanya ana kazi shambani ili awaache peke yao. Asubuhi moja mwanamke alitoka kwenda kuchota maji, na mtoto akamfuata bila kuitwa. Siku hiyo, Shosho akasema, alijua kwamba amemaliza.

Alinyamaza, halafu akaongeza kwa lugha yetu jambo ambalo kwa Kiswahili ni hivi: maziwa yalinisumbua siku nne.

Nilirudi nyumbani nikaichana ile risiti. Nilimpigia dada, nikamsimulia yote. Alilia, nami sikujua analilia nini, yule mtoto, au Shosho, au yeye mwenyewe. Mwishowe akasema, "Ile miezi sita. Kumbe wanamngojea mama yake."

Ndivyo ilivyo. Barua ya pili ya polisi, ile tuliyoiita ukiritimba, ni kungoja kwa niaba ya mtu ambaye hayupo chumbani. Sheria inakaa mlangoni miezi sita kwa ajili ya mwanamke ambaye pengine amelazwa, pengine amefungwa, pengine ana miaka kumi na sita na anamwogopa baba yake. Na ile miezi mitatu ya kukaa na mtoto kabla ya kwenda kortini ni nyumba ya Shosho kule kijijini, ni kusubiri asubuhi ambayo mtoto atafuata bila kuitwa. Sisemi waliotunga sheria walimjua Shosho. Nasema walikuwa wanalinda kitu kile kile.

Nisidanganye pia. Kusubiri kwa Shosho kulikuwa na macho. Alimwona mtoto kila siku. Kusubiri kwa faili hakumwoni mtoto. Katika miezi ile sita polisi wanaweza kutafuta kwa bidii, au wanaweza kukaa tu na kuandika barua siku ikifika, na mtoto akapoteza nusu mwaka bila faida ya mtu yeyote. Sheria nzuri inayotekelezwa na mtu asiyejali huwa ni kalenda tu.

Tulipata habari kwa redio. Tarehe 27 Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku watu wa nchi za kigeni kuasili watoto wa Kenya, mara moja, na kufuta leseni zote za uasili wa kimataifa. Sababu iliyotolewa ilikuwa biashara ya binadamu: ripoti ya kimataifa ilikuwa imeitaja Kenya kama nchi ambako watu hutolewa, hupitishwa na hupelekwa kuuzwa. Mama alikuwa anachambua mboga. Aliacha kisu, akaniangalia, akasema, "Mpigie kabla hajasikia kwa mtu mwingine."

Alikuwa amekwisha kusikia.

Ningependa kuandika kwamba tulikasirika tukiwa na haki yote upande wetu. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na ile risiti siku saba. Nilijua kwamba yule bwana nadhifu hakuwa hadithi ya Baraza la Mawaziri. Alikuwepo, Thika mjini, alinilipia chai. Kilichoniuma ni kingine. Yeye hakuwa na leseni ya kufutwa. Marufuku ilimgusa dada yangu, aliyepita mlango wa mbele na kuulizwa kama alipigwa akiwa mtoto, na ikampita yule aliyekuwa anapita nyuma. Mwaka 2020, wakati uasili wa kimataifa ulikuwa umefungwa kwa miaka, wanahabari wa BBC walionyesha watoto wachanga wakiuzwa Nairobi. Wanunuzi hawakuhitaji pasipoti ya kigeni.

Hatukuwa peke yetu katika kungoja. Mwaka mmoja kabla yetu, Septemba 2013, Kongo ilikuwa imesimamisha vibali vya kuondoka kwa watoto walioasiliwa. Kule kulikuwa na mamia ya watoto ambao tayari walikuwa wa wazazi wa Ulaya na Marekani mbele ya sheria, wana majina mapya, na hawawezi kuvuka uwanja wa ndege wa Kinshasa. Wengi walingoja hadi 2016. Dada alizifuata habari zile kila usiku, na aliwahi kuniambia anawaonea wivu wale wazazi kwa kuwa walau wana picha. Uganda ilirekebisha sheria yake 2016, ikataka mgeni akae na mtoto nchini mwaka mmoja. Miaka minne baadaye Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda kwa madai ya mpango wa kuwatoa watoto kwa wazazi wao vijijini kwa ahadi za shule. Ethiopia ilifunga mlango 2018. Uholanzi, nchi ya kupokea, ilisimamisha 2021 baada ya kuchunguza yaliyopita. China ilimaliza 2024. Na huko Korea, watoto wale wa zamani wamekuwa watu wazima, wamerudi na karatasi zao mkononi. Mwaka 2025 tume ya ukweli ya nchi hiyo ilikiri kwamba kumbukumbu za baadhi yao zilighushiwa: mtoto mwenye wazazi aliandikwa yatima.

Nilipoisoma habari hiyo ya Korea nilimkumbuka Shosho akikataa mbuzi. Karatasi ya kuzaliwa yenye jina la dada yangu ingekuwa mbuzi aliyechinjwa mapema mno. Siku moja mtoto yule angefika hapa Kamenu, mtu mzima, na kutuuliza mama yake ni nani, na sisi tungekuwa tumelala naye nyumba moja miaka yote tukijua kwamba karatasi inasema uongo.

Shosho alifariki 2016. Kwenye mazishi alikuja mwanamke mmoja wa miaka zaidi ya sitini, na wanawe, na wajukuu. Alikaa na familia, mstari wa mbele, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mama aliniambia baadaye kwamba mmoja wa binti zake anaitwa jina la Shosho. Kwetu majina hufuata mababu na nyanya kwa mpango maalum, hayatolewi ovyo. Yule mama wa Kamiti alipopata wajukuu, alikubali mmoja aitwe kwa mwanamke aliyemlelea mwanawe. Sijui mahakama gani ingeweza kuandika amri bora kuliko hiyo.

Kuhusu faili letu, halikukataliwa. Lilibaki hivyo tu. Mwaka 2017 Serikali ilisimamisha kuandikishwa kwa makao mapya ya watoto, na tarehe 12 Septemba 2019 Baraza la Mawaziri likasitisha tena uasili wa kimataifa, safari hii bila kutaja mwisho. Julai 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto, inayotambua waziwazi kwamba jamaa wanaweza kuasili mtoto wa ndugu yao, na mwaka huo huo mpango wa miaka kumi wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia. Nauunga mkono mpango huo. Naunga mkono kwamba mtoto wa Kamenu atafutiwe kwanza mama yake, halafu shangazi, halafu jirani wa Kamenu. Ila kwa dada miaka ilikuwa imekwenda. Alikuwa na 38 faili lilipoondoka Torino. Mwaka 2022 alikuwa na 47, na shemeji 56. Aliniandikia ujumbe mfupi: "Mwambie mama anaweza kutumia chumba."

Mama alitumia chumba, lakini kitanda hakukiuza. Watu waliuliza bei, akasema hakiuzwi. Halafu mpangaji wetu wa nyumba ya mabati, msichana anayefanya kazi kiwandani, akajifungua hana hata blanketi la pili. Mama akamwazima kitanda. Kilipokua kifupi kwa yule mtoto, kilirudi, kikapelekwa nyumba ya tatu. Kikarudi tena. Hadi leo wamelala humo watoto wanne. Kwenye ule upande unaoshuka kuna alama za meno, kwa sababu mtoto anayeota meno hutafuna chochote kilicho karibu, na saipresi ni laini.

Nilimtumia dada picha ya zile alama. Nilisita kwanza, nikaogopa nitamwumiza. Alichelewa kujibu, kama siku ile ya risiti. Halafu simu ikalia, akauliza swali ambalo sasa huuliza kila Jumapili akipiga, kabla hajamwulizia mama, kabla hajauliza kama mvua imenyesha.

"Sasa hivi analala nani?"